Baba hawezi kuongea baada ya kiharusi ila bao anawafunga wote, je akili yake imebaki?

Binti_Ngamiani aliandika:

Habari za jioni wapendwa, shikamooni wakubwa. Naombeni msaada wenu hasa wale mliouguza mtu wa kiharusi au mnaofanya kazi hospitali.

Baba yangu alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto wa ubongo ndo ulioumia, kwaiyo mkono na mguu wa kulia vikalegea. Mguu unaendelea vizuri, anatembea uani na fimbo, kilichogoma ni kuongea. Ana maneno machache tu, eeh, basi, yule, alafu kuna neno "gari", yani siku likimshika kila kitu kinakuwa gari, ukimwonyesha kikombe gari, sabuni gari, na yeye mwenyewe anajua sio maana anatikisa kichwa na kujipiga paja kwa hasira. Anaelewa mengi ila ukiongea haraka au tukiwa tunaongea watu watatu kwa pamoja anapotea kabisa.

Linaloniumiza ni kwamba ndugu wameshaamua kuwa akili imeondoka. Shangazi anasema "kaka yangu amerudi utotoni", wanajadili shamba lake mbele yake kama hayupo. Wakati huohuo jioni akitolewa barazani akawakuta wazee wenzie anacheza bao kwa mkono wa kushoto na anawafunga, na si kwa kubahatisha, anaangalia ubao anatulia alafu anapiga mtaji unaosafisha upande mzima wa mwenzake. Dukani ukimrudishia chenji pungufu anasimama hapohapo haondoki.

Sasa nashindwa kuelewa, mtu anawezaje kucheza bao hivo akashindwa kusema "maji"? Na kama akili iko salama mbona kwenye mazoezi ya maneno anachoka haraka, anasahau tulichofanya asubuhi, redio ikilia tu basi tumemaliza? Kaka yangu kamwekea apu ya michezo ya kunoa ubongo kwenye simu anasema ubongo ukinolewa maneno yatafuata yenyewe. Mi nataka kujua nikazane na maneno au na hiyo akili kwanza.

---

mjukuu_wa_Handeni aliandika:

Pole sana dada, Mungu amponye mzee. Bibi yetu alikuwa hivohivo, kuongea hawezi ila ukimletea unga wa kilo mbili ukasema tatu anaupima kwa mkono anakuangalia. Waambie hao ndugu waache kuongea mbele yake, anasikia na anaumia. Kuhusu mazoezi ngoja wataalamu waje.

---

Tibakazi_Pwani aliandika:

Pole Binti. Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi hapa Mombasa, wagonjwa wa kiharusi ndio kazi yangu ya kila siku, na swali lako limenigusa kwa sababu ndilo ambalo familia nyingi hawaulizi, wanahukumu moja kwa moja. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Hali ya baba inaitwa afasia, yaani lugha imeumia kwa sababu sehemu za ubongo zinazoshughulika na lugha zimekosa damu. Kwa watu wengi sehemu hizo ziko kushoto. Daktari Mfaransa Paul Broca alilieleza jambo hili 1861 kwa mgonjwa aliyekuwa na neno moja tu, "tan", kila akiulizwa kitu anajibu tan tan, na alikuwa anaelewa sehemu kubwa ya anachoambiwa. Kwa hiyo "gari" ya baba si utoto wala si wazimu. Karibu theluthi moja ya wanaopata kiharusi wanapata afasia mwanzoni, si jambo la ajabu hata kidogo, ni vile tu watu wetu wanafichwa ndani.

Sasa bao. Mashimo 32, kete 64, unaanza na kete 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja, na kabla hujacheza lazima uone kichwani kete ya mwisho itaangukia wapi, ikila itaendelea wapi, na mwenzako atajibu nini. Hiyo ni kupanga, kuhesabu, kujizuia usikimbilie mtego, na kusoma nia ya mtu mwingine, na hakuna neno hata moja linalohitajika. Watafiti wameliona hili kwa wagonjwa wenye afasia kali kabisa. Rosemary Varley na wenzake wa Uingereza walionyesha 2005 kwamba watu ambao hawawezi kuunda sentensi wala kuelewa tofauti ya "simba alimuua mtu" na "mtu alimuua simba" bado walikuwa wanafanya hesabu, pamoja na kujua kwamba kutoa 5 kwenye 12 si sawa na kutoa 12 kwenye 5. Na yupo mtunzi wa muziki wa Urusi, Vissarion Shebalin, kiharusi cha pili 1959 kilimharibia kuongea na kuelewa maneno, lakini akamaliza simfoni yake ya tano 1962. Lugha na kufikiri ni majirani kwenye ubongo, hawalali chumba kimoja. Mwambie shangazi hivyo kwa heshima.

LAKINI, na hapa ndipo watu wanapokosea upande wa pili, hii haimaanishi kufikiri hakuhusiani na kupona kwa lugha. Kunahusiana sana. Kusema upya ni kujifunza upya, na kujifunza kunataka vitu: kuelekeza umakini mahali pamoja, kushika jambo kichwani kwa muda huku unalifanyia kazi, kukumbuka kesho ulichofanya leo, kujikagua na kugundua nimekosea, na kuachia njia iliyoshindwa ujaribu nyingine. Ile "gari" inayong'ang'ania ni mfano mzuri. Ubongo umetoa neno, halikuzimwa, linapotafutwa jina la kikombe lile la kwanza bado liko juu linawahi mlangoni. Yeye anajua si lenyewe (kujikagua kupo, na hiyo ni dalili njema sana kwangu), ila kulizima ndio shida.

Kule Chuo Kikuu cha Manchester kikundi cha Fillingham, Sage na Lambon Ralph walifundisha wagonjwa wa afasia majina ya vitu kwa njia mbili, moja ya kubahatisha na kurekebishwa, nyingine ya kupewa jibu sahihi kabla hajakosea. Njia zote mbili zilisaidia karibu sawa. Kilichotenganisha waliopata sana na waliopata kidogo hakikuwa ukubwa wa tatizo lao la lugha, ilikuwa kumbukumbu, uwezo wa kutatua matatizo na kujikagua. Kazi yao ya baadaye, 2010, yenye wagonjwa wengi zaidi ikasema vyote viwili vina uzito, hali ya lugha yenyewe na hali ya kufikiri, kila kimoja kwa nafasi yake. Kwa hiyo swali lako la maneno au akili kwanza, jibu langu ni maneno, ila uyafundishe kwa namna ambayo umakini na kumbukumbu alivyonavyo leo vinaweza kubeba.

---

Mwana_wa_Dom aliandika:

Nimesoma hapo juu nimeelewa ila naomba tusimpe dada matumaini ya upande mmoja. Kucheza bao hakuthibitishi kila kitu. Mzee kacheza bao tangu ujana, hiyo iko mikononi na machoni, ni ujuzi uliozama. Baba mkwe wangu alikuwa anafanya vizuri vitu alivyovizoea, fundi baiskeli, unampa tairi anaziba, lakini mpe jambo jipya au mabadiliko kidogo ya utaratibu anakwama, anaanza kuchemsha chai anasahau majani, anaacha jiko linawaka. Kiharusi kinaweza kugusa lugha peke yake na kinaweza kugusa vyote viwili, kila mtu kivyake.

Shida nyingine ni vipimo. Tulimpeleka hospitali moja, sitaitaja, wakampa kile kipimo cha maswali ya akili, leo tarehe ngapi, taja wanyama, rudia sentensi hii, kumbuka maneno haya matano. Mtu hawezi kusema hata jina lake! Akapata sifuri karibu yote, kwenye faili wakaandika amechanganyikiwa kiakili, na kuanzia hapo kila daktari akifungua faili anatuongelesha sisi tu. Ilituchukua muda mrefu mpaka nesi mmoja mwenye huruma akasema huyu apimwe kwa vitu visivyotaka maneno. Akapimwa kwa picha za maumbo zile za Raven, unaonyeshwa mchoro una pengo unanyooshea kidole kipande kinachofaa, akafanya vizuri kuliko walivyodhani, udhaifu ukaonekana kwenye kubadilisha kanuni, akishashika kanuni moja haiachi. Hapo ndo tukajua tunahangaika na nini.

Kwaiyo dada mi nakushauri usikubali neno "akili imeondoka" na usikubali pia neno "akili iko salama asilimia mia" mpaka apimwe kwa njia inayomfaa. Omba kabisa, sema tunataka kipimo kisichotegemea kuongea.

---

Tibakazi_Pwani aliandika:

@Mwana_wa_Dom umesema kweli na nimefurahi umeleta hilo la vipimo. Bao linatupa dalili, si cheti. Binti, jaribu hata nyumbani kitu kipya kwake: mpange vifuniko vya soda na vya chupa za maji atenganishe kwa rangi, alafu katikati bila maneno badilisha uanze kutenganisha kwa ukubwa, uone kama anahama na wewe au anabaki kwenye rangi. Si kipimo rasmi ila utajifunza jambo.

Na kabla ya kulaumu kumbukumbu angalia vitu vya kawaida. Miwani yake anavaa? Masikio? Kiharusi cha kushoto kinaweza kuondoa uoni wa upande wa kulia kwa macho yote mawili, ukimwekea picha kulia haioni na wewe unaandika ameshindwa. Usingizi je? Na huzuni. Karibu theluthi ya waliopata kiharusi wanapata sonona, na mwenye sonona umakini wake unaanguka, kumbukumbu inaanguka, mazoezi yanaanguka, na asiyeweza kuongea hawezi kukuambia "nimekata tamaa". Hilo linatibika, liulizeni kliniki waziwazi.

---

Mswahili_Maskati aliandika:

Assalaam alaykum. Niko Muscat, mjomba wangu kazaliwa Unguja, nyumbani Kiswahili, mtaani Kiarabu, kazini miaka yote Kiingereza. Baada ya kiharusi ikawa tatizo, unamuuliza kwa Kiarabu anajibu Kiswahili, katikati anaingiza Kiingereza, na watu wakasema kachanganyikiwa. Daktari wake akatuambia hapana, lugha zote ziko ndani zinagombania nafasi, na kinachochagua ipi itoke na ipi inyamaze ni ule uwezo wa ubongo wa kudhibiti na kubadilisha, huohuo mnaouzungumzia hapo juu. Ukichoka udhibiti, lugha zinachanganyika.

Nauliza Binti, baba ni kabila gani na lugha ya utotoni anaiongeaje sasahivi? Watu wa zamani walisema lugha ya kwanza ndiyo inayorudi kwanza, Ribot 1881, akaja Pitres 1895 akasema hapana inarudi ile uliyoitumia zaidi kabla ya ugonjwa. Ukweli ni kwamba kwa wengi zinarudi pamoja, ila wapo ambao moja inatangulia. Msimkataze lugha yoyote.

Alafu kuna utafiti wa Hyderabad, India, uliotoka 2016, waliangalia wagonjwa 608 wa kiharusi. Wenye lugha zaidi ya moja, asilimia 40.5 walibaki na uwezo wa kufikiri wa kawaida, wenye lugha moja ni asilimia 19.6. Ila kwa afasia hakukuwa na tofauti, wote walipata sawasawa. Mi nilivyosoma nikaona inaendana na hii mada, kwamba hivi vitu viwili vinaumia kwa njia tofauti, na lugha nyingi zinaweza kuwa zimesaidia upande wa kufikiri.

---

Binti_Ngamiani aliandika:

Jamani asanteni sana, nimesoma nikalia kidogo alafu nikamsomea mama naye.

@Mswahili_Maskati waalaykum salaam, baba ni Msambaa wa Lushoto, Kiswahili kaongea maisha yote ya kazi bandarini. Kisambaa sasahivi kinatoka kwenye salamu, mtu wa kwao akimsalimia anajibu yote mpaka mwisho bila kukwama tunabaki tumeshangaa, na kwenye sala anasoma Alhamdu yote vizuri kabisa, lakini mwambie aseme neno moja tu lililomo humo hawezi. Shangazi anasema basi anajifanyisha. Je nimfanyie mazoezi kwa Kisambaa? Mi mwenyewe nakijua cha kuombea maji tu.

@Tibakazi_Pwani vifuniko nimejaribu, alibaki kwenye rangi kama mara tatu alafu akahama, akaniangalia akacheka. Miwani ilikuwa kabatini tangu atoke hospitali, hakuna aliyekumbuka. Sasa naomba unielekeze hayo mazoezi yawe vipi hasa, na hiyo apu ya kaka.

---

Tibakazi_Pwani aliandika:

Kuhama baada ya mara chache ni vizuri, na kucheka ni vizuri zaidi.

Hajifanyishi, mwambie shangazi kwa niaba yangu. Salamu, kuhesabu moja mbili tatu, siku za wiki, sura za sala, hivi vimekaririwa vinatoka kwa mkupuo mmoja, havipiti njia ileile ya kutafuta neno na kulichagua kati ya mengine. Ndio maana anasoma sura nzima na neno moja peke yake linamshinda. Muacheni asali kwa sauti, inampa raha ya kusikia sauti yake mwenyewe, ila hiyo si sawa na mazoezi ya kutafuta neno.

Mazoezi. Asubuhi akishapumzika na kunywa chai, si baada ya fizio wala baada ya wageni. Redio zima, televisheni zima, watoto watoke nje, mtu mmoja tu mbele yake. Ubongo ulioumia hauna nguvu ya kuchuja kelele na kutafuta neno kwa wakati mmoja, kwa hiyo usimpe kazi mbili. Vitu vichache anavyovitumia kweli, kikombe, fimbo, kanzu, kete, jina la mama, jina lako. Visiwe picha za tembo na ndege, tembo ataomba lini? Mwonyeshe kitu, kama neno halijaja mpe herufi ya kwanza, ki..., likigoma mpe neno zima aseme na wewe pamoja, alafu subiri kidogo muulize tena, subiri zaidi muulize tena. Usimwache abahatishe mpaka ile "gari" iingie, kwa mtu anayeng'ang'ania neno kosa analolisema linaweza kujikita. Ikiingia, nyamaza, ondoa kitu mezani, ongeeni na mama mambo mengine au nyooshaneni mikono kidogo, alafu rudi na kitu tofauti kabisa. Kumsisitizia "siyo gari baba, sema kikombe!" ni kumwongezea gari.

Akianza kuangalia pembeni acha. Vipindi vifupi mara kadhaa kwa siku vinamfaa kuliko kimoja kirefu. Na kwa sababu anasahau cha asubuhi, jioni anzeni na maneno yaleyale ya asubuhi, mpya ziongezwe chache chache. Mama akimpa chai asimpe kimyakimya, ashike kikombe asubiri. Kusubiri ni kugumu kwa familia kuliko kwa mgonjwa, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi.

Wengine wote waongee naye sentensi fupi, jambo moja, alafu kimya. Kumuuliza "unataka chai au uji na ule sasahivi au mpaka fulani arudi" ni kumshikisha vitu vinne kichwani. Chai? (mwonyeshe). Uji? (mwonyeshe). Na ndiyo na hapana zake msiziamini kwa sauti peke yake, wenye afasia wanazichanganya, wekeni pia ishara, dole gumba juu au chini. Hilo shamba wanalojadili mbele yake, mpeni karatasi mmechora shamba, kuuza, kukodisha, kuacha, mmoja aeleze taratibu, aonyeshe kidole, muulize tena kesho kama jibu ni lilelile. Mtu anayefunga wenzie bao ana haki ya kuulizwa kuhusu shamba lake.

Apu ya kaka sikatai, acheze kama anaipenda. Ila michezo ya aina hiyo kwa kawaida inamfanya mtu awe hodari wa mchezo wenyewe, faida kuvuka ikaenda kwenye lugha ni ndogo na haina uhakika, kwa hiyo isile muda wa maneno. Ningependa kaka atumie simu hiyohiyo kumrekodia mzee vidio fupi za mtu anataja vitu vya nyumbani, mdomo unaonekana, arudie nazo akiwa peke yake.

Kisambaa, mtafute huyo wa kwao anayemsalimia, akae naye, salamu zikiisha aendelee na mazungumzo ya kawaida ya Lushoto. Wewe baki na Kiswahili unachokimudu.

---

Mwana_wa_Dom aliandika:

Naongezea swali kwa faida ya wote, sisi kwetu imeshapita zaidi ya mwaka na mtu aliwahi kutuambia ikipita miezi sita basi hakuna kitu tena. Ni kweli?

---

Tibakazi_Pwani aliandika:

Si kweli. Mwili unajirudisha wenyewe kwa kasi zaidi wiki na miezi ya mwanzo, hiyo ndiyo sehemu ya kweli. Lakini Wajerumani walifanya jaribio kubwa, likatoka 2017, wagonjwa 158 ambao wote walikuwa wamepita miezi sita, wakapewa tiba ya usemi saa kumi au zaidi kwa wiki, wiki tatu, wakapata nafuu ya mawasiliano ya kila siku, na waliokuwa wanasubiri zamu bila tiba hawakupata. Tatizo letu huku ni wataalamu, ni wachache mno, Makerere ilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi 2008 na mpaka leo mikoa mingi haina hata mmoja. Ulizieni hospitali za rufaa na za kanda, mkipata hata kikao kimoja cha kuwapangia mpango kisha nyumbani mkaendeleza, ni bora kuliko kukaa.

---

nyuki_wa_Kigoma aliandika:

Samahani nimeingia kwa kuchelewa, mama yangu kapata hali hii na yeye hajasoma shule, hajui herufi. Hapo kwenye kumpa herufi ya kwanza na karatasi inakuwaje? Na hospitali walimpa picha nyeusi nyeupe za kuchora akawa hazielewi wakasema naye hafikiri vizuri.

---

Tibakazi_Pwani aliandika:

Pole ndugu. Herufi ya kwanza naisema mdomoni, ni sauti, haihitaji kusoma, mpe "su..." kwa sufuria. Michoro ya mistari iacheni, kuisoma ni kitu cha kujifunza na mtu ambaye hakukaa na vitabu anaweza asiione ni nini hata akiwa mzima. Mpeni vitu vyenyewe mkononi, mwiko, kitenge, dagaa, au picha za rangi za simu, za watu wake na jiko lake. Kumpima kufikiri mwangalieni kwenye kazi zake mwenyewe: mpeni dagaa wachafu na walio safi mkiwa mmechanganya, achambue, alafu muone kama anajua hatua inayofuata bila kuambiwa. Na mnaporudi kliniki waambieni hajasoma kabla hawajaanza kumpima, matokeo ya mtu aliyesoma na asiyesoma hayapimwi kwa mizani moja. Mama alikuwa anafanya kazi gani kabla? Nikijua nitakuambia tuanze na maneno gani.